Karoti hazioti? Tatizo ni ile sentimita moja ya juu: namna ya kuotesha mbegu ya karoti nyumbani huku visiwani

Assalam alaykum jamani. Hili la karoti nataka niliandike kwa urefu kidogo mana kila nikikaa na watu wenye vibustani huku kwetu naskia maneno yaleyale, karoti Unguja haziwezi, karoti mpaka Lushoto, karoti zinataka baridi, na mie mwenyewe nliamini hivo kwa miaka miwili mizima. Nlipanda mara nne. Ya kwanza haikutoka hata moja, ya pili zikatoka saba (nlizihesabu, saba kwenye tuta la mita tatu), ya tatu mvua ya masika ikabeba mbegu zote mpaka ukutani, na ya nne zikaota vizuri kabisa alafu mama yangu akaja kunitembelea kutoka Wete, asubuhi kaamka mapema kaona vijani vyembamba vimechipua akajua nyasi, akanipalilia tuta zima kwa mapenzi yake. Nlilia. Ya tano ndo nkapata, na toka hapo kila kipupwe natoa karoti zangu mwenyewe za kutia kwenye wali wa mboga na kachumbari na za watoto kutafuna mbichi.

Kilichobadilika si udongo wala bahati. Kuna mzee mmoja jirani yetu, kalima maisha yake yote, alikuja siku moja akanikuta namwaga ndoo nzima ya maji kwenye tuta saa moja ya asubuhi alafu basi mpaka kesho yake. Akanambia, "Mwanangu, karoti haitaki maji mengi, inataka maji yasokatika." Nkamwambia lakini babu mbona tuta limelowa, akachukua kijiti akachimba, chini kweli mmelowa lakini juu, pale mbegu zilipo, ilipofika saa nne pameshakauka kama unga. Kila kitu ntakachoandika hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo moja. Mbegu ya karoti inakaa nusu sentimita mpaka sentimita moja tu ndani ya udongo, na hiyo sentimita moja ya juu ndo inayokauka kwanza, na mbegu inataka ikae hapo wiki moja mpaka mbili bila kukauka hata mara moja.

Hebu kwanza tuielewe mbegu yenyewe. Karoti ni ukoo mmoja na giligilani, bizari nyembamba na shamari, ukiisugua mbegu yake kiganjani ukainusa utaisikia ile harufu ya mkebe wa viungo. Sasa hii si kama mchicha ambao unaurusha jumatatu na alhamisi unauona. Karoti wakati mbegu inavunwa kile kijimmea cha ndani bado kidogo mno, kwa iyo mbegu ikipata maji lazima kikue kwanza humohumo ndani, kikishakua ndo mzizi utoboe. Ndo mana inachelewa, na ndo mana ikikauka katikati ya kazi hiyo inaweza kufa. Kwa joto, udongo ukiwa nyuzi 15 inachukua kama siku 10 kutoka, nyuzi 20 kama wiki, nyuzi 25 kama siku 6, ukipanda mpaka 35 inarudi nyuma inafika siku 9 na baadhi hazitoki, na ukifika 40 hakuna kitu. Hizo ni siku za mbegu nzima inayopata unyevu mwanzo mpaka mwisho, bustanini kwetu we hesabu siku 7 mpaka 14, zikipita 21 usingoje tena.

Kwa iyo umeona, si kwamba inataka baridi ya milimani ndo iote. Nyuzi 25 tunazo tele. Kinachotuua ni mchanga mtupu juani, ule wa saa saba mchana wakati wa kaskazi ambao huukanyagi na mguu mtupu, sasa wewe huwezi kuukanyaga na mbegu ndogo kama ile utailaza humo?

Wakati wa kupanda

Bora kabisa ni masika yakishamalizika, yani kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano mpaka wa saba, hata wa nane unaweza. Hewa inakuwa nyuzi 22 mpaka 29 hivi, usiku unajifunika shuka, udongo haujachemka. Taabu ya kipupwe ni upepo wa kusi, unakausha kuliko jua lenyewe, na watu wanadanganyika kwa sababu wanaona kumetulia hakuna joto basi wanasahau kumwagilia. Vuli inawezekana lakini mie siipendi, mvua zake hazina ahadi na zikiisha tu unaingia kaskazi na karoti bado changa. Masika yenyewe usipande, mvua moja ya alasiri inatosha kuhamisha mbegu zote au kuzioza. Kaskazi kama una kivuli kizuri na mtu wa kumwagilia mara tatu kwa siku jaribu, mie sishauri.

Mbegu

Karoti huwezi kujitolea mbegu mwenyewe huku. Mwaka wa kwanza inatia mzizi, na mpaka ipigwe na baridi ya wiki kadhaa ndo inatoa maua na mbegu, sasa baridi hiyo sisi hatuna. Kwa iyo kila mbegu unayopanda umeinunua, na ndo hapo pana mtihani mana mbegu ya karoti haina umri mrefu, ikitunzwa vizuri miaka mitatu hivi, ikiwekwa dukani kwenye rafu ya juu chini ya bati na unyevu wetu huu wa bahari inaweza kufa ndani ya mwaka mmoja na kwa macho huitambui, ni ileile kahawia yenye michirizi. Mie nliwahi kuuziwa mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi na hazikutoka kabisa. Toka siku hiyo nanunua pakti iliyofungwa, nasoma tarehe, na namuomba muuzaji asinipe ile iliyoning'inizwa mlangoni inapigwa jua.

Aina, tafuta Kuroda kama unaipata, inavumilia joto kuliko wenzake na madukani ipo sana. Chantenay fupi nene, nzuri kama udongo wako mzito. Nantes tamu lakini huku inataka kipupwe hasa.

Pakti ikibaki usiirudishe kwenye droo ya jikoni. Ifunge, itie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu unavovikuta kwenye maboksi ya viatu, weka frijini. Ukiitoa iache chupa ifike joto la nyumba ndo uifungue, isije ikatoka jasho.

Zijaribu kwanza

Tafadhali hili msilipuuze, linachukua dakika tano na linakuokoa wiki tatu za kungoja tuta tupu. Hesabu mbegu 20, zipange kwenye tishu iliyolowa isiyochuruzika, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki au kikopo cha siagi chenye kifuniko, weka mahali pa kivuli ndani. Kuanzia siku ya tano fungua uangalie. Siku ya kumi hesabu zilizotoa mkia mweupe. Zikiwa 14 au zaidi mbegu ni nzima. Zikiwa 10 mpaka 13 panda lakini mwaga mbegu mara mbili ya kawaida. Zikiwa chini ya hapo mie nazitupa, sioni sababu ya kuchosha mgongo. Na faida ya pili ni kwamba umeshajua mbegu zako zinachukua siku ngapi, kwa iyo bustanini hutokaa na wasiwasi siku ya nane unaanza kuchokoa udongo kuangalia.

Udongo na tuta

Huku visiwani udongo unabadilika kila baada ya hatua mia. Wenye kinongo, ule mwekundu mwekundu mlaini, mmebarikiwa, nyie chimbeni tu. Wenye kichanga karoti itanyooka vizuri sana lakini maji yanapita kama kwenye chujio, kwa iyo mtie mboji ya kutosha kwenye udongo wa juu. Wenye kinamo, ule udongo mzito wa mfinyanzi, shida yenu ni ganda, mvua ikipiga alafu jua likatoka juu panaganda kama kigae na karoti ikichomoza ni kama uzi, haina nguvu ya kuvunja ganda, inajikunja chini hapohapo inakufa na wewe unasema haikuota. Iliota. Ilikosa mlango. Na wale wa uwanda na maweni kule Makunduchi, Jambiani, Micheweni, msihangaike na jiwe, pandeni kwenye ndoo mbovu, madumu yaliyokatwa, hata sanduku la mbao, bora kina kiwe sentimita 30 na chini pawe na matundu.

Chimba sentimita 30, toa mawe, toa mizizi, toa vipande vya vifuu na vigae, mana karoti ikigonga kitu inagawika miguu miwili. Inua tuta sentimita 15 au 20. Samadi mbichi usitie hata kidogo, inachoma mbegu na baadae inatoa karoti zenye vidole kama mkono, mie natumia tuta ambalo lilikuwa na mchicha uliotiwa samadi nzuri msimu uliopita, karoti inakuja kula mabaki. Alafu ile ya juu kabisa, vidole viwili hivi, ipitishe kwenye chekeche. Naam, chekeche, ile kubwa ya mafundi ya kuchekechea mchanga inafaa. Watu wananicheka lakini angalia ukubwa wa mbegu, gramu moja ina mbegu 700, 800, sasa donge la udongo kwake ni jabali.

Ukimaliza sawazisha na ubao, mana kama tuta lina mabonde mbegu zote zitakimbilia bondeni ukimwagilia. Alafu limwagilie maji mengi jioni ya siku moja kabla ya kupanda, mpaka chini kulowe. Maji mengi yana siku yake, na siku yake ni hii.

Maji yako yaonje

Hili naliweka peke yake kwa sababu sijaona mtu akilisema na kwetu ni kubwa. Karoti ni katika mboga zinazochukia chumvi kuliko zote, na inapokuwa mbegu na mche mchanga ndo inachukia zaidi. Visima vingi vya ukanda wa pwani, hasa upande wa mashariki wa Unguja, maji yake yana ukali wa chumvi, mchicha utavumilia, karoti haitoki. Yaonje. Kama ulimi unaisikia chumvi usiyatumie kuotesha, tumia ya bomba au ya mvua uliyokinga, na kwa vile ni wiki mbili tu na tuta dogo haitakuwa mapipa kwa mapipa.

Kwa sababu hiyohiyo usichukue mchanga wa ufukweni kuchanganyia. Na usumba, sikiliza vizuri hapa, usumba wa nazi ni kitu kizuri mno kufunikia mbegu lakini makumbi yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yameshanywa bahari, hayo usiyatumie. Chukua makumbi makavu ya shamba, yapondeponde, chekecha lile vumbi lake, lioshe mara mbili tatu kwa maji baridi, likamue.

Kuloweka

Jioni ile ile unayomwagilia tuta, chukua mbegu zako zitie kwenye kitambaa chepesi, funga fundo, tia kwenye bakuli la maji baridi, ziache usiku mzima, kama masaa 12 hivi. Asubuhi zisuze, zitandaze kwenye kitambaa kivulini mpaka zisigandane, nusu saa, saa moja. Sio juani! Panda siku hiyohiyo. Kama mbegu zako zimetiwa dawa, zile za rangi ya pinki au kijani, hizo usiloweke, dawa itatoka yote, panda hivohivo na uoshe mikono.

Kuna namna ya pili ya wenye subira, na hii ndo naipenda kwa tuta dogo. Unaziacha mbegu kwenye kitambaa kilicholowa siku nne tano ndani ya nyumba, unazisuza kila siku asubuhi, mpaka unaona chache zimeanza kutoa alama nyeupe kama ncha ya sindano. Hapohapo, usingoje mkia urefuke mana utakatika. Pika uji mwepesi wa konfulawa, kijiko kimoja cha mezani kwa kikombe kimoja cha maji, bila chumvi bila sukari, uache upoe kabisakabisa (nimesema kabisa, ukiwa na uvuguvugu umezipika), tia mbegu ukoroge taratibu kwa kidole, zitakaa zimeelea kila moja mahali pake hazizami. Mimina kwenye mfuko wa plastiki, kata ncha ya pembe tundu dogo, alafu kamua mstari kwenye mfereji kama anayekamua kaimati kwenye mafuta. Mbegu zinajipanga wenyewe zimeachana, zina unyevu wao, na siku nne tano za kungoja ushazimaliza ndani ya nyumba. Ila tuta liwe limelowa na lisikauke, mana hapo hiyo si mbegu tena, ni mtoto.

Kupanda

Mimi nachora mistari kwa mpini wa jembe, nalaza mpini nabonyeza, unapata mfereji wa nusu sentimita mpaka sentimita moja. Kipimo changu ni kucha ya kidole kidogo, mbegu isizame zaidi ya kucha hiyo. Kwenye kichanga fuata ile sentimita moja mana juu panakauka haraka, kwenye kinamo nusu. Baina ya mstari na mstari sentimita 20 au 25. Lowesha mfereji wenyewe kwa maji kidogo kabla hujatia mbegu.

Kama unapanda mbegu kavu au zilizolowekwa, changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vijiko vinane tisa vya mchanga mkavu laini, nyunyiza kwa vidole vitatu kama unavotia chumvi kwenye mchuzi. Lengo ni mbegu kila sentimita moja au mbili. Huku na kule changanya mbegu chache za figili, hii nimeipenda sana, figili inatoka siku ya tatu ya nne, inakuonyesha mstari uko wapi kabla karoti hazijaonekana, inavunja ganda kwa ajili ya wenzake, na mwezi haujaisha unaing'oa unaila.

Funika kwa ule usumba uliooshwa au mboji iliyochekechwa, usifunike kwa udongo wa tuta hasa wenye kinamo, usumba haugandi. Kisha pigapiga kwa kiganja au ubao, mbegu ishikane na udongo. Watu wengi wanaacha hapa. Mbegu ikilala kwenye uwazi haipati maji hata ukimwagilia vipi.

Gunia

Sasa hapa ndo penyewe. Ukishapanda na ukanyunyizia, chukua gunia la katani, lile la karafuu likichakaa linafaa sana, au khanga kuukuu mbili tatu zilizokunjwa, lirowanishe, likamue kidogo, lifunike juu ya tuta moja kwa moja, bana pembe kwa mawe mana upepo wa kusi hautakuachia. Gunia linafanya mambo mawili, linazuia jua na upepo visifike kwenye ile sentimita moja, na maji unayomwaga yanapita taratibu hayachimbi.

Maji unamwagia juu ya gunia. Asubuhi kabla ya saa mbili, na jioni baada ya alasiri, na siku ya upepo mkali ongeza saa sita. Si ndoo, kopo la kumwagilia lenye kichwa cha matundu madogo, na kama huna chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto matundu kumi na tano ishirini, ikamue inanyunyiza kama mvua ya manyunyu. Ukiwa na shaka tia kidole chini ya gunia, udongo ushikane na kidole. Ukidondoka kama unga umechelewa. Na siku bomba lisipotoka? Weka dumu mbili pembeni ya tuta kuanzia siku unayopanda, zisiguswe na mtu kwa kufulia wala nini. Nyumbani kwangu kila mtu anazijua ni dumu za karoti.

Kama una safari, mfundishe mtu. Mwanangu wa miaka tisa ndo mlinzi wangu, akirudi skuli kabla hajavua viatu anapita kwenye gunia.

Plastiki nyeusi usifunikie, utachemsha. Ubao watu wengine wanatumia, unafaa lakini usisahau kuuinua kila siku, konokono wanapenda sana kulala chini yake.

Kufunua

Kuanzia siku ya tano, au siku ya pili kama ulipanda zile za uji, kila asubuhi inua pembe ya gunia uangalie ukiwa umeinama. Zinapoanza utaona kama vitanzi vya uzi mweupe au kijani hafifu vinainua usumba. Ukiona hata kumi tu, jioni ya siku hiyohiyo toa gunia. Usisubiri zitoke zote na usitoe saa tano asubuhi ukazipiga na jua zikiwa hazijawahi kuliona. Ukichelewa siku mbili zitarefuka zikiwa nyeupe zinatafuta mwanga, shingo nyembamba, alafu zinaanguka moja baada ya moja kama zimekatwa na mkasi usawa wa ardhi. Hiyo ni ukungu wa kwenye udongo, inapenda unyevu bila hewa, ikishaanza haina dawa ya nyumbani ninayoiamini, punguza maji ya jioni, acha hewa ipite.

Baada ya gunia, weka makuti juu kwenye vigingi, kimo cha goti, yasibane sana, mwanga upite vipandevipande. Yakae wiki moja au siku kumi, kisha anza kuyatoa asubuhi na jioni, mwisho ondoa moja kwa moja.

Na ziangalieni zinavofanana jamani, msije mkafanya kama mama. Karoti ikitoka inatoa vijani viwili virefu vyembamba vilivyoachana kama mkasi uliofunguliwa, havina michirizi, havina chanachana. Hivo vinafanana sana na nyasi. Yale majani ya kuchanika kama ya giligilani yanakuja baada ya wiki moja na zaidi, hapo ndo unaijua bila shaka. Mpaka uyaone hayo usimruhusu mtu yeyote kupalilia, nyasi iliyo nje ya mstari ing'oe kwa mkono, iliyo ndani ya mstari iache kwanza.

Wageni wa tuta

Kuku mnawajua. Lakini aliyenisumbua zaidi ni paka, tuta lililochekechwa laini kwake ni choo kipya. Gunia likishatoka tu weka matawi ya mndimu yenye miiba baina ya mistari, haji tena. Chungu nao wanabeba mbegu, hasa kavu, ukiona wamepiga mstari mwagia maji njia yao na lowesha ukingo wa tuta kila jioni, majivu kidogo pembeni yanasaidia lakini wenye udongo wa mawe ya matumbawe msizoee majivu, udongo wenu una chokaa ya kutosha. Konokono wafuateni usiku na tochi.

Zikishatoka

Maji sasa badilisha mwendo, badala ya kidogo kidogo kila saa, mara moja kwa siku lakini yashuke chini, kisha siku moja unamwagilia siku moja unaacha, mzizi ufuate maji. Zikiwa na jani la pili la kuchanika punguza, acha sentimita mbili tatu, baada ya wiki tatu punguza tena ziachane sentimita tano. Punguza jioni udongo ukiwa umelowa, na bora ukate kwa mkasi kuliko kung'oa, ukivuta moja unatikisa jirani yake. Roho inauma, najua, baada ya taabu yote ile, lakini zikibanana utapata mikia ya panya.

Usijaribu kuzihamisha zile ulizopunguza kwenda kujaza mapengo. Nimejaribu, zinashika, lakini mzizi ukishaguswa ncha yake karoti inajikunja au inagawika. Pengo lijaze kwa mbegu, na ile ya uji ndo inafaa hapa mana itawawahi wenzake. Ukiona siku ya 14 kuna kipande cha mstari kitupu, chimba kidogo kwa kijiti utafute mbegu, ukikuta mbegu ngumu nzima bado, ongeza siku tano na unyevu. Ukikuta ganda tupu au haimo, lowesha mbegu nyingine usiku huohuo.

Mie mwaka huu nimepanda tuta la kwanza wiki ya pili ya mwezi wa sita, la pili wiki tatu baadae, la tatu nalipanda jumamosi hii inshallah, gunia nshalifua na dumu zimeshajaa.